Hewa ya Difuloki: Presha Kwanza, Ukubwa wa Kompresa Baadaye

Mvua zikishika, magari ya 4x4 yanayoletwa kwetu kukaguliwa kutoka Mau Narok, Molo, uwanda wa Kano na miteremko ya Mlima Elgon huja yakiwa yamefungwa difuloki za hewa, yaani loki zinazosukumwa na hewa kufunga difu ili magurudumu ya ekseli yazunguke pamoja. Hatuna ugomvi na hilo. Anayepeleka maziwa, wagonjwa au watalii kupitia udongo mweusi ana kila sababu ya kutaka magurudumu yote yavute. Malalamiko tunayopokea yameongezeka, na mengi hayahusu loki yenyewe. Yanahusu hewa: loki haishiki, au inashika halafu inaachia katikati ya mlima, au kompresa (pampu ya kubana hewa) haitulii hata gari likiwa limesimama. Mtu amenunua loki ya bei kali, kisha akaitafutia hewa ya kubahatisha.

Kompresa kubwa haiifanyi loki ishike zaidi. Tumelisema hili mara nyingi na bado watu wanatuletea kompresa za kutisha wakitarajia muujiza. Loki inatumia hewa kidogo mno ukilinganisha na tairi moja. Inachotaka ni presha ya kutosha, isiyoyumba, na hewa kavu isiyo na uchafu. Loki nyingi za aina hii hufanya kazi kati ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 85 na 105 hivi, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Presha ikipungua, pistoni haisukumi gia ya kufungia hadi mwisho wake, meno yanashikana nusunusu, na mzigo wa kupanda mlima unayamega. Ikizidi mno, oringi (pete za mpira za kuzuia mvujo) zinaanza kuachia.

Kwa hiyo jiulize kwanza: hewa ni ya loki tu, au unataka kujazia na tairi? Kwa loki peke yake, kompresa ndogo ya volti 12 yenye swichi ya presha inatosha kabisa. Kama unapunguza upepo wa tairi ukiingia matopeni na kuujaza tena ukirudi kwenye lami, hapo chukua kubwa, na ikiwezekana uongeze tangi. Lakini usiziamini lita zilizoandikwa kwenye boksi. Vipimo hivyo kwa kawaida ni vya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, hivyo kompresa ileile itachukua muda mrefu zaidi kujaza tairi. Kisumu, iliyo kando ya ziwa kwenye mita 1,130 hivi, ina tatizo lingine: hewa yake ina unyevu mwingi, na unyevu huo ukibanwa unageuka maji ndani ya tangi. Tangi lisilo na koki ya kumwagia maji upande wa chini, usilinunue.

Zile pampu za kuchomeka kwenye soketi ya sigara ziacheni kwa kazi yake ya tairi. Nyingi hazina swichi ya presha, na soketi yenyewe kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 au 15, wakati kompresa halisi inaweza kuvuta zaidi ya hapo. Wengine hutumia mtungi wa kaboni dayoksaidi. Unafanya kazi, mradi uwe na regyuleta nzuri ya kupunguza presha na usimame wima ili kimiminika kisiingie kwenye regyuleta. Lakini fikiria joto. Kwenye nyuzi 21, gesi ndani ya mtungi huo iko karibu psi 850, na presha inazidi kupanda kadiri gari linavyopata joto. Gari lililoanikwa juani Kisumu hupita nyuzi 31 bila shida, na hapo gesi haibaki tena kuwa kimiminika. Mtungi huo ukivuja ndani ya gari lililofungwa madirisha, unaweza kuua abiria. Kompresa ya AC iliyogeuzwa na fundi ina nguvu, ila hurusha oili kwenye laini ya hewa. Bila chujio la kutenganisha oili, utakuwa ukibadilisha solenoidi (vali ya umeme ya kuruhusu hewa) na oringi kila mara.

Mawili hatuyakubali kabisa. La kwanza ni mtungi wa gesi ya kupikia uliochomelewa kuwa tangi la hewa. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo, mabaki ya gesi ndani yake yanaweza kulipuka wakati wa kuchomelea, na maji ya hewa iliyobanwa huula kwa kutu kutoka ndani, mahali ambapo macho hayafiki. La pili ni kutoboa laini ya hewa ya breki za lori ili kulisha loki. Mpira mwembamba wa loki ukikatwa na jiwe, hewa inayotoka ni ya breki. Fundi anayekwambia "hakuna shida" hatakuwa nawe ukiteremka Nandi Hills.

Sasa kufunga. Kompresa ikae juu, pakavu, penye hewa. Chini ya boneti panafaa kama ni upande wa mbali na eksozi na turbo. La sivyo, weka chini ya kiti au ndani ya sanduku la nyuma. Mdomo wa kuvutia hewa una chujio, na chujio hilo liwe juu ya kina cha maji unayovuka. Tumia breketi ya chuma na boliti zenye nati za kujikaza, kwa maana mtikisiko wa barabara zetu hufungua kila kitu. Umeme utoke kwenye betri moja kwa moja kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi ikae karibu na betri, na waya uwe mnene. Ukiwa mwembamba, volti zinashuka njiani na mota inaungua taratibu. Thibitisha volti kwanza: malori mengi ni 24.

Mpira wa hewa kateni kwa wembe, sawasawa, si kwa koleo. Upitishe mbali na eksozi, uuachie ulegevu wa kutosha ekseli inaposhuka hadi mwisho wake, na kamwe usiufunge kwenye mpira wa breki. Tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba msiitumie kwenye viungio: nyuzi zake hukatika na kuziba solenoidi. Tumia gundi ya maji ya kuzuia kuvuja.

Ukimaliza, jaza hewa, washa loki, paka sabuni kila kiungio. Kompresa ikijiwasha tena kabla ya robo saa kupita, pana mvujo. Na loki ikizimwa, oili ikitoka kwenye tundu la solenoidi, tatizo liko ndani ya difu. Hiyo si kazi ya kufanyia kando ya barabara.

Kuhusu sheria, maana wengi hupiga simu kuuliza. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri. Kwa anayekikiuka, kifungu cha 58 kinaweka faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Gari la biashara lililokamatwa bila cheti halali cha ukaguzi lina faini ya papo hapo ya shilingi 10,000. Difuloki yenyewe si kosa. Kosa ni kuingilia breki, na tangi lililofungwa kwa waya. Gereji nazo zikumbuke kwamba tangi la kompresa la kazini liko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na lazima likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila baada ya miezi 24.

Ukija kukaguliwa, panga siku kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na ulipe kabla ya kufika. Lete gari likiwa limeoshwa chini, si juu tu. Tope la Ahero likiganda kwenye difu, hatuwezi kuona mpira wa hewa, na tutakuomba uende ukaoshe urudi. Njoo na karatasi za kompresa na za loki, ili tusome presha iliyoruhusiwa badala ya kukisia. Usiimwage hewa ya tangi kabla ya kufika, kwa sababu tutasikiliza kama inavuja.