Msimfungie mlevi chumbani

Nimepigiwa tena simu ileile. "Sista, tumeamua. Tumemfungia chumbani tangu jana, hagusi tone. Akitetemeka tunamwacha atetemeke, si ndiyo arosto yenyewe? Mtoto wa jirani alikuwa anakula unga, akafungiwa hivihivi, akapona." Nikauliza kama asubuhi huwa anazimua. "Ah, huyo bila toti mbili za gongo hata kikombe cha chai hakishiki." Nikawaambia wafungue mlango waje naye hospitali sasa hivi, si kesho baada ya kikao cha ukoo.

Tuelewane. Arosto, yaani mwili kuteseka ukikosa kilevi ulichozoea, ikiwa ya heroini, ule unga, inatesa kweli: makamasi, machozi, kuharisha, mifupa kuuma, malaika kusimama, usingizi hakuna. Inaanza saa 8 hadi 24 baada ya kipimo cha mwisho, inapamba moto siku ya pili au ya tatu, halafu inashuka. Mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, akipewa vinywaji vya kutosha, kwa kawaida haimuui. Kinachomuua mla unga ni kutoka soba hausi, nyumba ya kuachia unga, baada ya wiki kadhaa, akajidunga kiasi chake cha zamani wakati mwili umeshapoteza uzoefu. Methadoni, dawa ya kumeza inayotolewa badala ya heroini, tunayo, Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga nitawajibu siku yao.

Pombe ndiyo inayoweza kuua kwa kuachwa. Ni halali, inanywewa harusini, kwa hiyo watu wanadhani kuiacha ni kujikaza tu. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, pombe inaupoza ubongo, na ubongo nao unajizoeza kujichochea ili uende sawa. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango kutoka pande mbili: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake anaingia na mlango wenyewe. Ndani ya saa chache mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio. Degedege mara nyingi inakuja kati ya saa 6 na 48. Siku ya pili hadi ya nne ndipo wengine wanaingia kwenye DT, kuchanganyikiwa kukali kwa kukosa pombe: mtu anaona na kusikia yasiyopo, joto na presha vinapanda. Na kila anapoacha ghafla na kurudia, awamu inayofuata huelekea kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo "mbona mwaka juzi aliacha akatetemeka tu" si kinga.

Wanaofungia watu nawaelewa, hakuna aliyewafundisha. Wanaonikera zaidi ni sisi wa wodini. Fundi seremala kaletwa Jumamosi, kaanguka na bodaboda, paja limevunjika. Jumatatu usiku anapiga randa ubavu wa kitanda kwa mkono mtupu, anamgombeza msaidizi asiyeonekana alete misumari, kisha anaanza kuokota wadudu kwenye shuka. Shuka lenyewe limelowa. Ndugu wanasema majini. Mmoja wetu anasema malaria imepanda kichwani. Kipimo hakina kitu, lakini dawa inatundikwa hata hivyo. Mwingine anamchoma klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili, "atulie". Anatulia, ndiyo, ila dawa hiyo inarahisisha degedege kutokea. Fenitoini, dawa ya kifafa, nayo haiizuii degedege ya namna hii, tuache kuipigia mbio. Anachohitaji ni diazepamu, dawa ya kuutuliza ubongo, ya kumeza au polepole kwenye mshipa, maana kwenye msuli hainyonywi kwa uhakika. Na thayamini, yaani vitamini B1, itangulie dripu ya glukosi, isipokuwa sukari imeshuka: hapo mpe sukari, thayamini iende pamoja nayo, usianze kubishana.

Fungua faili lake sasa. "Pombe: hapana." Aliulizwa wapi? Mapokezi, mbele ya baba mkwe. Na kinywaji chenyewe ni gongo, marufuku kisheria. Nani angesema ndiyo? Mimi siulizi "unakunywa?" Nauliza mara ya mwisho ilikuwa lini, na asubuhi anaanza na nini. Kisha anyooshe mikono, atanue vidole, atoe ulimi. Mikono mtu anaweza kuikaza kidogo. Ulimi ukitetemeka hana la kuufanya.

Vitabu vinataka tumpime kwa alama za CIWA, orodha ya kupima ukali wa arosto ya pombe, kila baada ya muda mfupi, diazepamu ifuate alama. Vizuri. Usiku nesi ni mmoja, wagonjwa wamelala mpaka sakafuni, na maswali mengi ya kile kipimo yanamtaka mgonjwa ajieleze. Hali ikiwa hivyo naona afadhali dozi za saa maalumu zinazopunguzwa kila siku, ingawa najua zinamzidishia mmoja na kumpunja mwingine, na mzee mwenye ini bovu ananitia hofu kila nivutapo sindano. Thayamini kiasi gani? Kila mwongozo una namba yake, na ushahidi wa namba hizo ni mwembamba. Na fundi wetu aligonga kichwa pia: hii ni DT au damu inavuja ndani ya fuvu? Bila siti skani namulika mboni, namhesabia pumzi, na kwa kweli nakisia.

Kuna mnaoishi mbali, gari ni kesho asubuhi, mnaniuliza mumpe kidogo. Mimi husema msimkatize ghafla, apate cha kuzuia kutetemeka mpaka afike. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, na wana hoja, kwa sababu gongo hakuna ajuaye nguvu yake. Ila akishapata degedege, au akianza kuchanganyikiwa, msimpe chochote mdomoni, kodini gari usiku huohuo. Mkifika, mmoja wenu amvute nesi pembeni amwambie anakunywa nini na chupa ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Baba mkwe abaki kwenye benchi.