Vipodozi vya Picha za Chini ya Maji: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila ninapowaambia watu hapa Dar es Salaam kwamba ninapamba wanamitindo wanaopigwa picha wakiwa ndani ya maji, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Sasa hayo mapambo hayaoshwi?" Swali hilo limebeba dhana potofu iliyozaa nyingine karibu zote, kwamba adui wa mpambaji ni maji. Ukweli ni kwamba maji peke yake hayana nguvu kubwa juu ya vipodozi vilivyochaguliwa vizuri. Vinavyoharibu kazi ni mafuta, vidole, na namna maji yanavyochuja mwanga kabla haujaifikia kamera.

Tuanze na boksi la dukani. Wengi huamini kwamba ukishanunua Kariakoo maskara au faundesheni iliyoandikwa kwamba haiingii maji, kazi imekwisha. Neno hilo lina mipaka yake, na ndiyo maana nchini Marekani kanuni zilizotolewa mwaka 2011 zilipiga marufuku losheni za kukinga jua kujiita hivyo. Zinaruhusiwa tu kutaja kwamba zinastahimili maji kwa dakika 40 au 80. Maskara ya aina hiyo imetengenezwa kwa nta, polima zinazojenga utando, na kiyeyushi kinachopaa hewani. Kiyeyushi kikishapaa, utando hubaki umeshika kope na maji hayauyeyushi, lakini usipoupa muda wa kukauka hakuna utando wa kuzungumzia. Vilevile utando huo, pamoja na silikoni zilizomo katika faundesheni za namna hiyo, hulegea mara moja ukikutana na mafuta.

Hapo ndipo inapoanguka dhana ya pili, ambayo nimeisikia hata kwa wapambaji wenye uzoefu, kwamba kwa kuwa mafuta na maji havichangamani, basi ngozi ipakwe mafuta kwanza ili maji yateleze. Somo hili nililipata kwa aibu. Katika bwawa la hoteli moja Masaki nilimpamba binti ambaye asubuhi alikuwa amejipaka mafuta ya nazi usoni, nami kwa haraka zangu nikayafuta juu juu kwa tishu. Alipozama mara ya kwanza, faundesheni ilibanduka kwenye paji la uso kama utando wa maziwa yaliyopoa, ikaelea, kisha ikaenda kunata kwenye vigae vya ukingo wa bwawa. Mhudumu wa bwawa alinitazama bila kusema neno. Tangu siku hiyo nauosha uso mwenyewe kwa sabuni laini, naukausha, na kuusubiri, hata kama mpiga picha ananung'unika kwamba jua linakimbia.

Wapo pia wanaodhani kwamba dawa ni kupaka kwa wingi, kama anavyopambwa bibi harusi atakayekaa jukwaani hadi usiku wa manane. Tabaka nene hukauka juu huku chini likibaki bichi, na maji yakipata upenyo pembeni ya pua au chini ya kidevu hulibandua kipande kizima. Kinachodumu ni tabaka jembamba lililobonyezwa kwa sponji badala ya kusuguliwa, likafuatiwa na poda kidogo na dawa ya kupuliza ya kukazia, likaachwa likauke, ndipo la pili likaongezwa pale tu panapohitajika. Kwa michoro ya usoni natumia rangi zinazoyeyushwa kwa spiriti, zile ambazo wapambaji wa filamu hutengenezea majeraha ya bandia, ingawa sizisogezi karibu na ukingo wa jicho. Na mwanamitindo akiibuka, asijifute uso kwa viganja, jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kufikiri. Apewe taulo alibonyeze taratibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa linalotenganisha kazi hii na upambaji wa nchi kavu. Watu hudhani kwamba rangi inayopendeza kwenye kioo ndiyo itakayoonekana pichani. Katika maji safi, mwanga mwekundu wa urefu wa mawimbi wa nanomita 650 hupoteza zaidi ya robo ya nguvu yake katika kila mita, ilhali wa buluu hupita karibu bila kuguswa. Umbali unaohesabiwa si kina peke yake, bali safari yote ya mwanga: mwanamitindo akiwa mita 2 chini ya uso wa maji na kamera ikiwa mita 2 mbele yake, mwanga wa jua umesafiri mita 4 majini, na kwenye wekundu huo imebaki takribani robo tu. Rangi ya mdomo iliyowaka kama ua la mkrismasi ukingoni mwa bwawa hutoka pichani ikiwa ya kahawia iliyofifia. Mpiga picha wa mitindo wa Marekani, Toni Frissell, alipopiga mwaka 1947, katika chemchemi ya Weeki Wachee huko Florida, picha yake maarufu ya mwanamke aliyevaa gauni jeupe akielea majini, hakuwa na mzigo huu, kwa sababu picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Sisi tunao. Flashi iliyosogezwa karibu hurudisha sehemu kubwa ya wekundu, na kwa hiyo sianzi kupamba kabla ya kumuuliza mpiga picha ataweka taa wapi na atasimama umbali gani.

Kutokana na hilo huja kosa linaloniudhi kuliko yote. Ngozi nyeusi au ya maji ya kunde ikionekana imezama kwenye buluu, mtu hukimbilia faundesheni iliyo nyeupe zaidi ili uso "uonekane". Matokeo yake ni sura iliyopauka kama iliyopakwa majivu, kwa sababu kilichopungua si weupe bali ule wekundu na umanjano wa ngozi yenyewe. Baki kwenye kiwango kile kile cha weusi, ongeza rangi yenye asili ya chungwa au shaba kwenye mashavu na kope, na uikubali ionekane imezidi ukiwa nje ya maji.

Kwamba Dar ni joto, kwa hiyo baridi haituhusu, nayo si kweli. Maji huchota joto la mwili takribani mara 25 haraka kuliko hewa, na hata bwawa lenye nyuzi 28 linaweza kumfanya mtu atetemeke baada ya nusu saa, midomo ikapoteza rangi na mikunjo ikatokea kuzunguka kinywa. Hakuna kipodozi kinachoficha kutetemeka. Chai ya tangawizi na kanga kavu huingia kwenye begi langu pamoja na brashi.

Macho yakiwasha, husingiziwa klorini nyingi ya bwawa. Harufu kali ya bwawa na uwekundu wa macho kwa kawaida hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Huko baharini, kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo, hakuna klorini, lakini lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, wakati machozi yana takribani 9, na kuyafumbua macho humo kunawasha. Lenzi za rangi za kuvaa machoni zisivaliwe majini kabisa, kwani vijidudu vinavyonaswa chini yake vinaweza kuharibu jicho. Glita nayo iachwe nyumbani: hubanduka, huingia machoni, hung'aa mbele ya flashi kama vumbi, na mwisho wake ni plastiki ndani ya bahari.

Kazi ikiisha, wengi husugua uso kwa sabuni kali, wakidhani kwamba kilichoyashinda maji hakitoki kwa upole. Hutoka kwa mafuta, yale yale yaliyoniaibisha Masaki: matone machache kwenye pamba, kugandamiza juu ya kope kwa nusu dakika, kisha kuvuta kuelekea chini. Chupa yangu ya mafuta ya nazi hukaa chini kabisa ya begi, imefungwa ndani ya mfuko wake, na haifunguliwi mpaka mpiga picha atoke majini na kamera yake ifutwe maji.