Katika bajeti ya kisomo, anza na mwezeshaji

Andiko la mradi wa kisomo cha watu wazima likinifikia mezani, sianzi na malengo. Nafungua bajeti, natafuta mstari mmoja: mwezeshaji analipwa nini? Mara nyingi mstari huo haupo kabisa, au umefichwa ndani ya "usafiri". Vitabu vipo, fulana za uzinduzi zipo, ila anayefundisha anatakiwa afanye kwa moyo.

Mazoea haya yana historia. Serikali ya Uganda ilipoanza mpango wa kisomo chenye manufaa mwaka 1992, kwa majaribio katika wilaya nane, waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea. Walifanya kazi kubwa na ninawaheshimu sana. Lakini wengi wao walikuwa wakulima wenye watoto wa kulipia ada, na mtu wa namna hiyo akipata kibarua mahali pengine ataenda, nani amlaumu? Akiondoka, darasa linakufa. Wanakisomo hawahamii kwa mwalimu mwingine kirahisi, maana mtu mzima aliyekubali kuonekana hajui kusoma alimwamini mtu fulani, hakuliamini shirika.

Kwa hiyo mweleze mfadhili hesabu waziwazi. Tuseme una madarasa 10 Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kila moja lina watu 25, na mwezeshaji anapata shilingi 120,000 za Uganda kwa mwezi kwa miezi 9. Jumla ni shilingi milioni 10.8. Igawe kwa wanakisomo 250: shilingi 43,200 kwa kila mmoja, kwa msimu mzima. Mfadhili anayeiona milioni 10.8 peke yake hushtuka na kukata. Akiiona 43,200, mazungumzo hubadilika. Nimeshuhudia hivyo zaidi ya mara moja.

Kwa nini miezi 9 na si 12? Kwa sababu huku kusini-magharibi mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huwapeleka watu shambani, na majuma ya kupanda darasa hubaki na wazee wawili watatu. Ratiba isiyojua jembe itakuletea mahudhurio mabovu kwenye taarifa, na mfadhili atadhani mradi umeshindwa. Andika mapema kwamba majuma hayo mtapumzika.

Kuna jambo la cheti cha usajili ambalo huangusha maombi mengi mazuri. Kwa Sheria ya Uganda ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016, kikundi kilichosajiliwa kama cha kijamii hufanya kazi katika ngazi ya gombolola, yaani tarafa ndogo iliyo chini ya wilaya, kwenda chini. Ukiomba mradi wa wilaya mbili kwa cheti hicho, andiko halifiki mbali hata liwe limeandikwa kwa ustadi gani.

Gharama za uendeshaji nazo usizionee aibu. Kodi ya ofisi, mhasibu na mkaguzi wa hesabu ni sehemu ya kisomo. Kwa gharama hizo, ruzuku za Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 juu ya gharama za moja kwa moja za mradi; kanuni za Marekani zilipandisha kiwango chao cha msingi kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Ila fedha za Marekani zenyewe zimekauka. Misaada ilisimamishwa Januari 2025, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, ikaacha kazi. Vikundi vidogo vilivyokuwa vikipata mgao kupitia mashirika makubwa sasa vinagombania wakfu wachache wa binafsi. Ndiyo maana naona vikundi vinakata bajeti zao wenyewe kabla hata mfadhili hajasema neno, na wa kwanza kukatwa ni mwezeshaji.

Msifanye hivyo, ndugu zangu. Fedha zikipungua, punguzeni idadi ya madarasa. Kwa mfano wetu, madarasa 7 yenye posho ileile ni shilingi milioni 7.56, na wanakisomo 175 wana mtu wa kuwafundisha mpaka mwezi wa tisa wa msimu. Madarasa 10 yasiyo na posho yanapendeza kwenye jalada la andiko, lakini kufikia mwezi wa nne wa msimu hutajua ni mangapi bado yanakutana. Kama mfadhili anang'ang'ania idadi kubwa, mwombeni awaonyeshe ni mstari gani wa bajeti utakaomlipa anayefundisha, kisha jibu lake liandikwe kwenye mkataba.