Kwa nini wakili wa kesi za kodi Marekani hutafuta mhasibu mwingine?

Mfanyabiashara wa Marekani akisikia kwamba mamlaka ya kodi, IRS, inamchunguza kwa tuhuma za ukwepaji, wa kwanza kumpigia simu huwa ni mhasibu wake. Ndiye anayejua vitabu vyote, na ndiye aliyemjazia ritani miaka yote. Wakili mzoefu wa kesi hizi humkataza palepale: usizungumze naye habari hii. Kisha wakili mwenyewe anatafuta mhasibu mwingine kabisa. Ya nini kulipa watu wawili kwa hesabu zilezile?

Sheria ya huko hulinda siri kati ya mteja na wakili. Siri kati ya mteja na mhasibu haina ulinzi huo katika kesi za jinai. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Couch, mwanamke mwenye mgahawa ambaye tangu 1955 alikuwa akimkabidhi mhasibu wake taarifa za benki, mishahara na mauzo. IRS ilipozitaka nyaraka hizo kwa mhasibu, mama huyo alipinga, akashindwa. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliwapa washauri wa kodi kinga ya namna fulani, ila haihusu mambo ya jinai. Kwa hiyo mhasibu wa zamani anaweza kuapishwa na kuulizwa: "Alikwambia nini kuhusu zile fedha taslimu?" Naye hana budi kujibu.

Mlango wa kumwingiza mhasibu ndani ya siri ya wakili ulifunguliwa na Louis Kovel, mtu mwenye ujuzi wa uhasibu. Huyu aliwahi kufanya kazi IRS, baadaye akaajiriwa na ofisi ya mawakili wa kodi. Mteja wao mmoja alipochunguzwa, Kovel aliitwa mbele ya jopo la raia linalopima kama kuna sababu ya mtu kushtakiwa. Akakataa kusema aliyoambiwa na mteja, akahukumiwa mwaka mmoja jela kwa kudharau mahakama. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Hoja ya Jaji Henry Friendly naiona imara hadi leo: mteja asiyejua lugha ya wakili wake akija na mkalimani, siri haipotei, na kwa mawakili wengi hesabu ni lugha ngeni, basi mhasibu anayewafafanulia ni mkalimani pia.

Friendly aliweka mpaka. Mteja akitaka huduma ya uhasibu tu, au ushauri wa mhasibu badala ya wa wakili, kinga haipo. Ndiyo maana mawakili hufuata utaratibu kwa ukali: mhasibu mpya anaandikiwa barua ya kazi na wakili, anapokea maelekezo kwake, na karatasi zake za kazi zinahesabiwa kuwa za wakili. Yule wa zamani hafai nafasi hiyo, kwa sababu alishaona na kusikia mengi kabla wakili hajaingia, na huenda akawa shahidi wa serikali.

Kinachoniuma ni kwamba ulinzi huu una bei. Tajiri humudu wakili na mhasibu wa pili tangu siku ya kwanza. Mwenye duka dogo hufika kwa wakili akiwa ameshamweleza mhasibu wake kila kitu, na maneno hayo hakuna wakili anayeweza kuyafanya siri tena.