"Mbona umepungua hivyo?"

Kwa mtu mwenye VVU hiyo salamu inachoma jamani. Sisi tunaitoa tu, ila huku kwetu Kagera wagonjwa wa kwanza walipoonekana 1983 watu waliuita Juliana, na Waganda wakauita slim kwa ajili ya kukonda kwenyewe, kwa hiyo mtu akiambiwa amepungua anachosikia yeye ni kwamba siri imetoka.

Mimi nafanya kazi CTC, kliniki ya wenye VVU, miaka mingi sasa. Kilo zikishuka tunakimbilia kutafuta TB, fangasi za koo, kuhara, alafu tunapima wingi wa virusi, na hatukosei. Ukipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito bila kupenda, na kuna kuhara au homa isiyoisha zaidi ya mwezi, hiyo ni hatua ya 4, ya mwisho ya ugonjwa, na kinachoondoka sio mafuta tu, ni misuli, mtu ndoo ya maji inamshinda.

Sasa kuna mama mmoja, TB hana, virusi havionekani kwenye kipimo, kilo 6 zimeondoka ndani ya miezi mitatu. Nikamuuliza usiku analala saa ngapi. Akacheka, akasema halali. Anapika, anapakulia watoto, yeye vijiko viwili anaacha, tangu mwenye nyumba aone kopo lake la dawa. Huyo hata umpe unga wa lishe gunia zima!

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inakata hamu ya kula, inakufanya uruke dozi, virusi vikipanda mwili unaisha, ukijiona kwenye kioo unazidi kujifungia ndani. Na dawa nazo zina historia yake, efavirenz iliwaletea baadhi ndoto za ajabu na huzuni, stavudine ndo ilikausha mashavu, mtu anapata nafuu huku sura inamuumbua. (Stavudine imeshaachwa, na efavirenz sio tena chaguo la kwanza, ila wazee wetu hawajasahau.)

Siku hizi kabla mtu hajapanda mzani namuuliza wiki mbili hizi moyo ukoje, na kama vitu alivyokuwa anavipenda bado anavifurahia. Yule mama dawa hatukugusa, tulimkutanisha na mmoja wa WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, wakawa wanaongea. Juzi kapanda mzani, kilo 2 zimerudi, wala hakuuliza ngapi, kauliza kama mashavu yanaonekana.