"Learnt" si kosa, walimu wenzangu

Wiki hii tena mzazi mmoja wa mtaa wa Katindo ameniletea daftari la mtoto wake. Neno "learnt" limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake limeandikwa "learned", na alama imeondolewa. Yote mawili ni wakati uliopita wa kitenzi cha Kiingereza learn (kujifunza), na yote ni sahihi! Vilevile burned na burnt, dreamed na dreamt, spelled na spelt.

Najua tatizo linakotoka. Sisi huku Goma tumesomea Kifaransa, tukazoea kwamba kitenzi kina umbo moja na ubishi hakuna. Lakini Kifaransa hicho hicho kina je paie na je paye (nalipa), je m'assieds na je m'assois (naketi), wala hakuna anayenyang'anywa alama.

Wengine hunijibu kwamba -t ni ya Uingereza, -ed ni ya Marekani, basi. Si basi. Waingereza huandika learned pia. Wamarekani ndio hawana mazoea na learnt. Na Mmarekani huyo huyo anayesema "I burned the toast" mkate wenyewe atauita "burnt toast". Gotten, umbo la kitenzi get ambalo wengi hulidhani uvumbuzi wa Marekani, lilitoka Uingereza na walowezi, kisha huko Uingereza likafifia.

Kinachonikera zaidi ni kugeuza uhuru huo kuwa ruhusa ya kuchanganya kila kitu. Kuna vitenzi ambavyo maana ndiyo inayochagua umbo. Nguo ulizoanika kwenye kamba ni hung. Mtu aliyenyongwa kwa hukumu ni hanged. Jua la jana lilipowaka, it shone. Kijana wa Birere aliyeng'arisha viatu vyako, he shined them, na hapo ukiandika shone umekosea kweli. Umeme ukikatika ukamulika njia kwa tochi, Mwingereza atasema shone, Wamarekani wengi shined. Kwenye tochi hapo kalamu yangu husita, kwa hiyo sikati alama.

Snuck, badala ya sneaked (alinyemelea), nayo inanisumbua. Imeenea Marekani, kamusi zinaikubali, na darasani naipokea. Ila kwenye barua ya kuomba kazi shirikani bado nawaambia vijana waandike sneaked, maana hujui nani ataisoma. Na ukianza insha na learnt, endelea nayo mpaka mwisho. Ukirukaruka kati ya hizo mbili, hapo wino mwekundu nitautumia.