Chupa Ndefu Si Chupa ya Sukari: Dhana Potofu Kuhusu Mvinyo wa Alsace

Mgeni wa mwisho kunitamkia kauli hii alikuwa hata hajaketi. Aliiona chupa ndefu ya Riesling, mvinyo mweupe wa Alsace, mezani, akaisogeza kando kwa mgongo wa mkono na kusema, "Hapana, mimi situmii mvinyo wa sukari." Kazi yangu ni kuwamiminia wageni mvinyo wa kuonja katika ghala la familia moja ya wakulima wa mizabibu, kijijini, si mbali na mji wa Colmar, katika eneo la Alsace mashariki mwa Ufaransa, na maneno hayo nimeyasikia kwa Kifaransa, kwa Kijerumani, na pia kwa Kiswahili kutoka kwa ndugu zetu wanaopita huku wakati wa likizo. Chupa aliyoisukuma ilikuwa ya mvinyo mkavu kabisa, yaani usio na utamu wa sukari, na neno "sec", kwa Kifaransa "kavu", lilikuwa limeandikwa kwenye lebo, upande uleule aliokuwa akiutazama.

Lawama ya kwanza huangukia umbo la chupa. Watu walikutana zamani na mvinyo mtamu wa bei nafuu uliouzwa katika chupa ndefu na nyembamba, wakaamini kwamba kila kilichomo katika umbo hilo ni sharubati yenye kilevi. Ukweli ni kwamba chupa hiyo, iitwayo flûte, ni sharti la kanuni kwa mvinyo mweupe wa Alsace usio na povu, uwe mkavu au mtamu, na kwa hiyo haikuelezi lolote kuhusu sukari iliyomo.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kung'oa, nacho ni kuchanganya kazi ya pua na kazi ya ulimi. Gewurztraminer, mvinyo mwingine mweupe wa huku, hunukia marashi ya waridi na lichi, tunda ambalo aliyekulia Unguja atalitambua mara moja kuwa jamaa ya shokishoki, na mtu akishavuta harufu hiyo huwa ameshahukumu kabla ya tone la kwanza kugusa ulimi. Dawa yangu ni moja, na wenzangu kazini hunicheka kwa kuirudiarudia: bana pua kwa vidole viwili, piga funda moja, lizungushe mdomoni, kisha umeze kabla ya kuiachia pua. Waridi litatoweka, lichi litatoweka, na ulimi utabaki peke yake na kile unachoweza kukipima, yaani sukari, asidi na uchungu. Nikifanya hivyo kwa Gewurztraminer iliyo kavu, mgeni hukunja uso kwa mshangao, kwa kuwa kinachobaki ni uchungu mwembamba kama wa ganda la balungi, wala si asali aliyoitarajia.

Lugha yetu nayo inachangia, kwa sababu neno "tamu" tunalitumia kwa sukari na kwa kila kinachopendeza mdomoni. Msemaji wa Kiswahili anaponiagiza mvinyo mtamu, humwuliza kwanza kama anataka wenye sukari au wenye ladha nzuri, na mara nyingi huwa anataka huo wa pili.

Sukari hubaki katika mvinyo pale hamira inapoacha kuila yote, ama kwa kuchoka yenyewe, ama kwa mtengenezaji kuisimamisha kwa baridi na salfa. Milima ya Vosges huzuia mawingu yatokayo magharibi, na Colmar ni miongoni mwa miji inayopata mvua kidogo sana nchini Ufaransa, hivyo zabibu huweza kuiva hadi zikajaa sukari nyingi kuliko inavyohitajika. Nakiri kwamba kuna kipindi ambacho mnunuzi hakuweza kujua anachonunua mpaka afungue kizibo, na watengenezaji wa huku wana sehemu yao ya lawama. Kuanzia mavuno ya 2021, hata hivyo, lebo za mvinyo mweupe wa AOC Alsace, yaani wenye jina la asili linalolindwa kisheria, zinapaswa kutaja daraja, kuanzia kavu hadi tamu zaidi: sec, demi-sec, moelleux au doux. Sec kwa kawaida haizidi gramu 4 za sukari kwa lita, ingawa huruhusiwa kufika 9 endapo asidi ni ya kutosha kuilinganisha, ilhali doux huanzia gramu 45. Anayetaka sukari kwa makusudi atafute maneno Vendanges Tardives, yaani zabibu zilizochelewa kuvunwa, au Sélection de Grains Nobles, ambazo punje zake huchaguliwa baada ya kukaushwa na kuvu.

Dhana nyingine hazinichoshi kiasi hicho. Wapo wanaoshikilia kwamba mvinyo mweupe ni wa samaki na mwekundu ni wa nyama, lakini Waalsace wenyewe hula kabichi iliyochachushwa pamoja na soseji na nyama ya nguruwe huku wakinywa Riesling kavu, kwa sababu asidi ndiyo inayoikata mafuta. Pinot Gris, yenye uzito zaidi, hubeba uyoga na nyama ya kuoka bila taabu, na jibini ya Munster, ambayo harufu yake hutangulia mlangoni, hukaa vizuri na Gewurztraminer. Nyumbani kwangu chupa ya Gewurztraminer demi-sec huifungulia samaki wa kupaka, kwa kuwa sukari ile kidogo huituliza pilipili na asidi yake ndogo haigombani na tui.

Wengine hudhani Grand Cru ni daraja la utamu. Grand Cru ni jina la ardhi: yako maeneo 51, kuanzia Schlossberg lililotangulia kutambuliwa, na tangu 2022 hata Pinot Noir nyekundu inaruhusiwa kubeba jina hilo katika Hengst na Kirchberg de Barr.

Riesling iliyokaa miaka kadhaa ikinukia kama mafuta ya taa, usikimbilie kudai kwamba chupa imechafuliwa, kwani harufu hiyo hutokana na viambata vya zabibu yenyewe, hasa iliyoiva kwenye jua kali. Kama huipendi, nunua Riesling changa.

Na zile chembe zinazong'aa kwenye kizibo au chini ya chupa si sukari iliyoganda wala vipande vya kioo. Ni chumvi ya asidi ya tartari, ambayo hujitenga mvinyo unapopata baridi na haina madhara yoyote. Simamisha chupa wima kwa saa chache, mimina taratibu bila kuitikisa, na uache kidole kimoja cha mvinyo chini pamoja na chembe zake.